Kikombe cha Mzazi

Nywele zangu zilipoanza kupungua utosini, nilinunua vidonge vya lishe ya nywele katika duka la dawa hapa Moshi mjini. Nikawa nameza kimoja kila asubuhi kwa chai ya rangi.

Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda Old Moshi kumwamkia mama mkwe. Mke wa shemeji yangu alikuwa akikaa hapo kwa mama tangu ajifungue. Nywele zake zilinyonyoka kuliko zangu, lakini sasa vinywele vipya vilisimama kwenye paji la uso wake kama majani ya mahindi yanayochipua. Hamezi kidonge hata kimoja. Mtoto ameshaanza kukaa, na mama mkwe bado anampikia mwenzangu mtori wa ndizi na mlaso, ile damu ya mbuzi inayopikwa na maziwa na samli kwa ajili ya mzazi. Mimi sijazaa. Kikombe cha mlaso huo hakijawahi kunifikia, na nilikitazama kikipita mbele yangu hadi nikachukia harufu yake.

Mwishowe nilikwenda kupimwa. Daktari alinieleza jambo ambalo nawe ujue, maana linafariji: nywele zinazodondoka baada ya uzazi kwa kawaida hurudi zenyewe. Vidonge vya lishe husaidia pale mwili unapopungukiwa na kitu fulani, kwa hiyo pima kwanza, ndipo ununue. Mimi nilipungukiwa madini ya chuma, na chupa yangu nzuri haikuwa nayo. Akaniandikia vidonge vya chuma, akaniambia nisivimeze kwa chai, tena nile nyama na mboga za majani. Nywele zitachelewa, nisikate tamaa.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia mama mkwe jikoni, huku akikoroga mlaso.

"Mbona hukusema?" akauliza. "Nilidhani ninyi wa mjini mnashiba vidonge."

"Kikombe hicho ni cha mzazi, mama."

Alinitazama kidogo, mwiko mkononi. Mke wa shemeji akacheka, mtoto akiwa titini.

"Mpe dada changu. Zangu zinarudi bila kubembelezwa."

Lile neno liliniuma. Hata hivyo mama alimimina kikombe kikajaa, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyomkabidhi mzazi. Kilikuwa cha moto na kizito. Yule mwenzangu alikuwa bado ananitazama, labda akingoja nimbakizie.

Nilikunywa chote.