Hotuba yangu ya wahitimu, Kamina, iliishia kwenye salamu

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, Kamina, enzi za Zaire. Sitatia chumvi.

Kwa wasionijua: nimehangaika Lubumbashi, Dar hadi Nairobi, sasa nimerudi, nina nyumba ya matofali ya kuchoma na diplôme ukutani. Sikubebwa na mtu.

Mwaka wa mwisho wa sekondari nilikuwa kichwa. Sijisifu, naeleza tu. Mkuu wa shule, Préfet, akaniteua niandike na kusoma hotuba ya wahitimu.

Nikaandika kurasa kumi na moja, Kifaransa ambacho Préfet mwenyewe alikifungulia kamusi. Mama yangu, mjane mkulima wa muhogo aliyenisomesha, nikamweka ukurasa wa mwisho.

Mama alikuwa ametangazia kijiji kizima, huko Kabongo, kwamba jina lake litasemwa mbele ya wakubwa. Majirani wawili hawakuamini, wakafunga safari naye kuja kuhakikisha.

Asubuhi akanibana:

"Utanitaja kweli? Bale bamama banasema minyi niko muongo."

"Ngoja tu, mama. Weye uko mu page ya mwisho."

"Ya mwisho? Juu ya nini mbali vile?"

Nikacheka. Msomi mimi.

Sasa, ambao hamkuishi enzi zile, sikieni. Kila mtu aliitwa Citoyen, mwanamke Citoyenne, yaani mwananchi. Hotuba ilianza kwa kusalimia wakubwa kwa vyeo. Kwanza picha ya Mwongozi, yaani Rais, pale mbele. Kisha komisa wa zone, yaani mkuu wa wilaya, kamanda wa base ya jeshi, na kuendelea kushuka. Anayetajwa anasimama, watu wanapiga makofi matatu.

Na mkubwa akichelewa, unaanza upya. Huwezi kumsalimia nyuma ya wadogo zake.

Préfet alinionya: "Ukisahau mukubwa moja, na siye tutasahau diplôme yako."

Basi nikaanza. Nimefika kwa mkuu wa stesheni ya treni, kamanda huyo anaingia!

"Anza tena," Préfet akanong'ona.

Nikaanza. Nimekaribia kumaliza, komisa mwenyewe akatokea, wakati alikwishatuma naibu wake. Picha ya Mwongozi nikaisalimia mara ya tatu. Tulikuwa tumezoeana.

Hapo mawingu yalikuwa meusi juu ya turubai. Préfet akanivuta koti:

"Mvua inakuya. Maliza salamu, tunapana badiplôme. Hotuba utaniletea mu bureau."

Wakuu, kurasa kumi na moja zilikufa hapo hapo.

Nikamwona mama kule nyuma, amekaa kwenye mkeka. Majirani zake hawakunitazama mimi. Walikuwa wanamtazama yeye.

Nikamtaja komisa. Kabla ya kamanda, kwa sauti ile ile nzito, nikasema:

"Citoyenne Kabange, wa Kabongo!"

Mama akasimama. Makofi matatu.

Mtu wa protokali, mpanga viti vya wakubwa, akashtuka: mkubwa gani huyu ameketishwa chini? Akakimbia, akaomba radhi, akamshika mkono hadi mbele. Viti vimejaa. Kamanda akapiga hesabu, akaona zamu yake iko nyuma ya huyu mama, akainuka na kumpa kiti chake.

"Aksanti, baba," mama akasema. "Na bale babili, beko na minyi."

Naibu wa komisa na mkuu wa stesheni wakasimama. Majirani wakakaa.

Ilipofika zamu yangu, Préfet akashikilia diplôme, hakuiachia.

"Ule mama njo nani?"

"Njo mukubwa wangu, Citoyen Préfet."

Akamtazama mama, ambaye wakati huo alikuwa anamfundisha komisa kuloweka muhogo, na komisa anaitikia kwa kichwa. Akaiachia.

Mvua ikatufukuza wote. Njiani jirani mmoja alimshika mama mkono asiteleze. Mwingine ndiye aliyembebea mama mkeka.

Funzo: anayestahili kutajwa mtaje mapema, hata kama unajua kuandika kurasa nyingi kama mimi.

Haya, mliosoma enzi zile, uwanja wenu. Nyinyi mlimtaja nani? Na kama yule mtu wa protokali yumo humu, mzee wangu, hukukosea.