Bi Taratibu na sura za vibarua waliosahaulika kwenye vioo

Saa mbili asubuhi, Bi Taratibu anavaa glavu, anazima feni na kuwaomba wenzake wasifungue mlango. Mbele yake, juu ya meza inayowaka taa kwa chini, kuna picha ya kioo iliyovunjika. Anainua kipande kwa ncha za vidole, anabana pumzi, anakisogeza.

"Hapa hata chafya ni adui," anasema bila kuinua macho.

Jina la Bi Taratibu amebandikwa na wenzake kwa neno asilochoka kulirudia: "Taratibu!" Kazi yake ni kusafisha na kuunga picha za kale, zile zilizopigwa juu ya vioo kabla ya filamu kuenea. Nyingi ni za uchimbuzi wa magofu: kuta, vyungu, sanamu. Kwenye kioo rangi zimegeuka; cheusi ni cheupe, na nywele za kijana zinang'aa kama mvi.

Aliingia katika jumba hili la makumbusho akiwa mfagizi. Mhifadhi wa zamani alimwona akifuta vumbi. "Akaniambia, 'Mwanangu, una mkono mwepesi.' Nikadhani ananitania."

Mshahara hauna mbwembwe, na ukungu wa masanduku humbana kifua. Jioni hushona nguo za watu ili wanawe wasome.

Mwaka jana bomba lilipasuka darini. Rafu ikaanguka na sanduku la picha za vibarua wa uchimbuzi. Picha za sanamu zilikuwa zimeshanakiliwa kwenye kompyuta. Za vibarua, bado. Utando wenye picha ulianza kubanduka, na mkuu wake akaona vipande vitupwe tu.

"Nikamwambia, 'Bosi, niachie nihangaike navyo.' Akacheka, akaniachia."

Haukupita muda, akaja bibi mmoja na kaka yake. Baba yao alifukiwa na udongo kwenye uchimbuzi huo, bibi akiwa bado tumboni. Nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja, wakaja kuulizia humu.

Bi Taratibu aliunga kioo kimoja baada ya kingine, akavipiga picha na kurudisha rangi kwenye kompyuta. Siku aliyowaita, kwenye skrini kulikuwa na wanaume wameketi kando ya shimo, mmoja akicheka, kofia kisogoni.

Kaka mtu akanyoosha kidole. "Baba huyu. Ndiye."

Bibi akasogea. "Kumbe alikuwa kijana hivi! Mbona ni sawa na mjukuu wangu?" Akacheka, machozi yakimtiririka.

"Mimi nilitoka nje nikalie huko," anasema Bi Taratibu. "Chozi likidondokea kioo, hasara."

Sasa anataka picha za vibarua zitundikwe ukumbini, na familia za jirani zialikwe kuwatambua watu wao. Mkuu wake amekubali kumpa ukuta mmoja.

"Sanamu zote humu zina majina," anasema. "Na waliozichimbua nao waitwe kwa majina yao."