Bati la Lori la Sadalla

Tusidanganyane, lori la Sadalla lilikuwa kuukuu. Kufikia mwaka 1934 wapagazi wa soko la Kariakoo walikuwa wamechoka kulisukuma. Lakini mkewe, Zamda, hakuwahi kulisema vibaya. Honi ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo kila Sadalla alipoingia mtaani kwao akitoka Kisarawe na shehena ya mihogo, alitoa mkono dirishani akalipiga paa ngumi tatu. Zamda akizisikia tu, huyo mlangoni kumfungulia, birika li motoni. Miaka kumi na mmoja walikaa hivyo, wawili peke yao bila mtoto, na hakuna jirani aliyewasikia wakigombana.

Kisha Sadalla akaugua homa, na siku ya tano akafa. Zamda akaingia eda, akajifungia ndani. Shemeji yake, Mbaruku, akapata mtu wa kulinunua lori, ila mnunuzi alitaka kwanza paa litengenezwe, maana lilitoboka kwa kutu upande wa dereva. Fundi bati Onesphory akaja na mkasi wake kulikata pale pale mbele ya nyumba.

Zamda alijua fika kwa nini lilitoboka upande ule. Ngumi za mumewe ndizo zilizobandua rangi, mvua ikamalizia.

"Fundi," aliita nyuma ya mlango, "hicho kipande cha zamani nakitaka mimi."

"Kimeoza, mama. Hata kifuniko cha sufuria hakitoki hapa."

"Nipe hivyo hivyo."

Mbaruku akakipitisha mlangoni. Zamda akakipakata, akakigonga mara tatu. Kikalia kama debe bovu. Akakiegemeza ukutani, akagonga kwa nguvu mpaka kutu ikamwagikia nguo zake nyeupe. Ile sauti haikuwamo. Aliumia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile alidhani kuna kitu kimembakia.

Nje, Onesphory alimaliza kupigilia bati jipya, akataka kujua kama limeshika sawasawa. Akalipiga ngumi tatu.

Zamda alikuwa ameshasimama, mkono uko kwenye komeo, ndipo akakumbuka.

"Fundi," alisema, "gonga tena."

Fundi akagonga. Na Zamda, eda au si eda, akafungua mlango, akasimama kizingitini akilia, na Mbaruku akageukia ukutani asimtazame.