Wakwe Wasiokuwepo

Mama mkubwa wangu ana meno ya rangi ya majani ya chai yaliyokaa sana kwenye birika. Ni maji ya kisima aliyokunywa tangu utotoni, huko upande wa Biliqo. Wa rika lake wengi wako hivyo, na kule hakuna anayemtazama mwenzake mara mbili. Yangu ni meupe. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenichukua, kisha nikiwa na miaka mitatu akanileta Chechelesi, mtaa wa hapa Isiolo, kwa jamaa za baba, akilia njia nzima, ili nikue kwa maji ya mjini. Alikuwa ameshaona jinsi watu wa ofisini wanavyomtazama mdomo badala ya kumsikiliza. Naanza na hili ili ijulikane nilimfanyia nani nilichomfanyia.

Nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo hapa Isiolo, kipindi cha salamu kwa Kiborana. Mwaka mmoja watu wa televisheni wakaja kutoka Nairobi kurekodi kipindi cha mazungumzo katika ukumbi mmoja wa mjini. Mada ilikuwa kujikubali: kwamba mtu si sura yake, na mwanamke asihukumiwe kwa uso. Produsa, kijana mwenye haraka na miwani ya bei, alinipa kazi ya kutafuta wageni na kuwatafsiria. Akaniambia mambo yakienda poa, vipindi vyote vya huku kaskazini nitakaa kiti cha pili, kando ya mtangazaji wao. Nilikitaka kile kiti. Sitajifanya malaika, nilikitaka hadi nikakosa usingizi.

Nikamwita mama mkubwa. Hakuna anayejua kuzungumza kumshinda: akisimulia kiangazi utalia, akisimulia harusi utashika mbavu. Alifika juu ya lori la mbuzi, nguo zimejaa vumbi, mkononi kibuyu cha maziwa ya ngamia alichokuwa amekifukiza moshi mwenyewe. Kilikuwa cha wageni wa televisheni. Kikawekwa nyuma ya nyaya na hakuna aliyekionja.

Nyuma ya pazia ndipo nilipoanza kuona mambo yalivyo. Viti vya mbele walipewa wasichana weupe weupe, ambao hata hawakuwa na la kusema. Mama mmoja mwenye kovu la moto shavuni alisogezwa mara tatu, hadi akaishia nyuma ya nguzo. Mtangazaji wao, mama anayejulikana nchi nzima kwa kuwaambia watu wajipende, alikuwa akigombana na mpiga kamera asimchukue upande wa kushoto. Kwa macho yangu sikuona tofauti ya upande huo na ule mwingine.

Msichana wa mekapu akamwomba mama mkubwa atabasamu. Akatabasamu. Yule msichana akaenda kunong'ona na produsa, na produsa akanivuta kando.

"Aki, hiyo meno. Kwa skrini itakaa vibaya."

"Lakini si ndiyo mada yenyewe?"

"Mada ni sawa. Lakini watu wanakula wakiangalia. Mwambie afunike mdomo na hiyo kitambaa yake. Ama tuweke mtu mwingine, si wako wengi?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na redioni nilikuwa nikilisema kila siku bila woga. Lakini nilikitazama kile kiti cha pili, kilikuwa na mto wa samawati, nikamgeukia mama mkubwa kwa Kiborana.

Hapo ndipo uongo ulinijia mzima mzima, umeshapikwa. Kwetu mama hajianiki mbele ya anayetaka kumwoa binti yake wala mbele ya watu wake. Hujifunika mdomo, hupunguza sauti, hiyo ndiyo heshima. Nikamwambia, "Mama, ukumbini kuna watu fulani. Wametoka upande wa mtu anayeniulizia. Hawajajitambulisha, lakini wanakutazama."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa ameniombea jambo hilo katika kila swala. Macho yalimjaa machozi papo hapo, akaivuta shela yake hadi puani, akauliza kwa sauti ya chini, "Wako upande gani?"

"Usiwaangalie," nikasema.

Alizungumza vizuri sana siku hiyo. Alizungumza taratibu, kwa adabu, shela mdomoni, akiwasimulia wakwe zangu wasiokuwepo jinsi alivyonilea. Mimi nilitafsiri kwa tabu, maana kila mara aliingiza sifa zangu, mvumilivu, mpishi mzuri, nami niliziruka na kutunga mengine.

Mwishoni mtangazaji wao akamwegemea mama mkubwa, akaishika mikono yake, akaigeukia kamera huku machozi yakimtoka, ya kweli kabisa. "Mtazameni huyu mama," akasema. "Amefunika mdomo tangu tuanze. Anaficha meno yake. Nani alimfundisha kujionea aibu?"

Watu wakapiga makofi. Produsa akaninyooshea dole gumba.

"Amesema nini?" mama mkubwa akaniuliza.

"Amesema umenilea vizuri."

Akainamisha kichwa kushukuru, na makofi yakazidi.

Kipindi kilikuwa kirushwe baada ya wiki tano. Sijui niliishije wiki hizo. Alinipigia simu karibu kila siku. Wale watu ni wa ukoo gani? Mbona hawajatuma mzee? Nikamwambia wana shughuli, mara wamesafiri, mara tusiharakishe. Uongo mmoja ulihitaji mwingine, nami nilikuwa nikiandika nilichosema nyuma ya daftari nisijikanganye. Wiki ya tatu akaniambia kwa furaha kwamba ameanza kusuka chombo changu cha maziwa, kile cha nyuzi za mizizi ambacho binti wa Kiborana akiolewa huenda nacho kwa mumewe. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Nikampigia produsa, nikamwomba aitoe ile sehemu. Akacheka.

"Hiyo ndiyo imebamba! Tumeiweka mwanzo kabisa."

Kuhusu kile kiti akasema bado wanaangalia, na kwamba kuna msichana mmoja wa viti vya mbele anakaa fiti sana kwa kamera. Hajui Kiborana, lakini hilo litapangwa.

Kilirushwa Jumamosi mchana. Nilijua kwamba kule kwao kuna duka lenye televisheni ya sola, na kwamba mwenye duka anajua Kiswahili vizuri. Nilikaa na simu mapajani, nikitaka iite na nikiomba isiite. Kila pikipiki iliyopita nje ilinishtua. Simu iliita karibu na magharibi.

"Salaam aleikum," akasema.

Nikaitikia.

"Mwenye duka ametutafsiria."

Nilianza kulia na kueleza, yote kwa pamoja, mambo ya produsa, mambo ya kazi. Aliniacha nimalize. Nilingoja aniulize kuhusu meno. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo la meno.

"Kwa hiyo hakuna mtu anayekuulizia," akasema.

"Hakuna, mama."

Nilisikia mbuzi nyuma yake. Kisha akasema jua limezama, anaenda kuswali.

Alikuja Isiolo miezi miwili baadaye, kwa ajili ya macho yake, akalala kwangu. Aliniletea kile chombo. Alikuwa amekimaliza, hadi kifuniko, usukaji uliokazwa usiopitisha tone. Akasema haifai kuacha kazi katikati, nitie humo hata sukari. Nilimpikia, nikamtandikia kitanda changu, nikalala chini. Hakunigombeza hata kidogo, ingawa niliitamani kelele yake.

Asubuhi, tukinywa chai, nilimsimulia jinsi mkuu wetu wa redio alivyofukuzwa na bata mzinga wa jirani hadi akaingia studio na kiatu kimoja. Nilitaka tu nimsikie akicheka. Alicheka, mabega yakamtikisika, na mkono wake ukapanda polepole, ukaivuta shela hadi puani.

"Mama," nikasema, "hapa hakuna wakwe. Ni mimi tu."

"Najua," akasema, na shela haikushuka.