Wimbo wa Nchi Kwenye Mashindano ya Klasiki

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, nilipoteremka kwenye lori la shule pale Bukoba mjini, msichana wa kidato cha tatu, viatu vya kuazima miguuni. Nakueleza habari hii kwa sababu tangu juzi nawasikia wewe na binamu zako mkibishana kwenye simu. Yule binti anayeimba peke yake nyimbo za kuisifu nchi, kwa sauti ile ya juu iliyofunzwa, je, huo ni muziki wa klasiki au siyo? Mimi niliwahi kuwa binti kama huyo. Kaa hapo, ndizi tutamenya huku tukizungumza.

Shule yetu ilikuwa Kamachumu. Mwalimu wetu wa muziki, Mwalimu Rwegasira, alitufundisha kuimba kwa noti, na mimi akanifundisha zaidi: kupumua, kushikilia sauti, kutamka kila neno hadi mwisho wake. Nilijua nyimbo za Kilatini za kanisani, na mmoja wa Kijerumani ambao sikuelewa hata neno. Kisha akanipa wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kiswahili baada ya vita vile vya mpakani kwetu, juu ya nchi inayowangoja vijana wake warudi. Kaka yangu Deogratias alikwenda vitani na hakurudi. Mwalimu hakusema kwamba alimtungia yeye, nami sikumuuliza.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa parokia, na kundi letu liliitwa klasiki, mwimbaji mmoja. Mshindi angepanda meli kwenda kuimba Mwanza. Mimi sikuwahi kupanda meli, na usiniulize niliota mara ngapi.

Kabla sijaitwa, mwalimu wa shule nyingine alisimama, akapinga kwa adabu kabisa. Alisema wimbo wa kuisifu nchi ni wa gwaride na mikutano ya hadhara. Klasiki ni muziki wa zamani uliokwisha kupita kwa vizazi vingi. Waamuzi wakanong'onezana. Mwishowe mwenyekiti wao, mama mpole aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa, akatuita pembeni. Akasema nikiimba ule wa Kijerumani, nitashindanishwa. Nikiimba wa Mwalimu, watanisikiliza, ila sitapewa alama.

Nilikasirika. Nikamgeukia Mwalimu, nikitegemea atanipigania. "Mwalimu, si uwaambie? Huu nao ni klasiki."

Alinijibu bila haraka. "Koku, sauti yako nimeifundisha kwa njia ya klasiki, na hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini wimbo wangu bado mchanga. Jina hilo watalitoa watu ambao hawajazaliwa, kama watakuwa wanauimba. Mimi siwezi kujipa leo, na huyu mama hawezi kunipa."

"Sasa niimbe upi?"

"Zote mbili unaziweza. Chagua mwenyewe, sitakulaumu."

Nikatazama ukumbini. Mama yangu alikuwa amekuja kwa basi kutoka Kimwani, amekaa benchi la mbele na kanga yake mpya. Kijerumani hakukijua, na hata Kiswahili alikuwa anakitafutatafuta. Lakini jina la nchi na neno la kurudi nyumbani angeyaelewa. Tangu ile habari ya Deo ifike, kwetu hakuna aliyekuwa amemwimbia chochote. Hapakuwa na mwili wa kuzika, hivyo hapakuwa na mazishi, na mama alikuwa akiendelea na shamba lake la kahawa kimya kimya.

Nikaimba wimbo wa Mwalimu. Nilianza chini kidogo kwa woga, kisha pumzi ikakaa sawa. Mama hakulia. Alinitazama tu mwanzo hadi mwisho, mikono imetulia mapajani.

Alama sikupata. Alishinda Zuhura, binti wa mjini, na alistahili. Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikalia kwa ajili ya meli ile, sikufichi. Mama akanifuata, akaniambia kwa Kihaya, "Uje uuimbe nyumbani. Majirani hawajausikia."

Likizo ilipofika, nikauimba uani kwetu. Mama alipika ndizi kwa maharage, akaita ukoo na majirani wote, na padri akaja akatuombea. Baba akasimama akasema maneno ya kumuaga mwanawe. Siku hiyo ndiyo tuliyomzika Deo, ingawa hatukuchimba kaburi. Tangu hapo mama akaanza tena kumtaja kwa jina, na hata kucheka akikumbuka utundu wake.

Zuhura naye aliniomba maneno ya wimbo ule. Leo ni bibi mwenye wajukuu pale mtaa wa Bakoba, Bukoba mjini, na Idi haipiti bila kunitumia pilau. Mwalimu alikwishafariki. Mwaka jana niliwasikia watoto wa shule hapa Muleba wakiimba wimbo wake, wamebadilisha mstari mmoja, wala hawajui ni wa nani. Sikuwasahihisha. Nilikaa nikasikiliza, nikaridhika sana.

Sasa nikujibu, mwanangu. Sauti ya binti yule ni ya klasiki, maana amejifunza. Nyimbo zake, wale wanaosema si klasiki wana hoja yao, nanyi msiwatukane kwenye simu kwa ajili hiyo. Bishaneni, kubishana kunafundisha. Ila ikifika zamu yako kusimama mbele ya watu, iwe kwa wimbo au kwa kazi nyingine yoyote, usijiulize kwanza itaitwaje. Tazama nani amekuja kukusikiliza na ana haja gani, kisha umpe kile ulichokiandaa vizuri, hata kama zawadi itakwenda kwa mwingine.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu. Akupe mwalimu atakayekuambia kweli bila kukuvunja moyo, na nyumba ambamo kila aliyeondoka anatajwa kwa jina.