Kikoa cha Bi Fathiya

Bi Fathiya wa mtaa wa Kiponda ana cherahani aliyoinunua mwaka alioolewa, na mpaka leo akikasirika huionyesha kwa kidole. "Hii hapa," atakwambia. "Nliinunua mara moja. Haijanambia hata siku moja kuwa muda wangu umekwisha." Ukimkuta katika hali hiyo, ujue kuna kitu humo ndani kimemtaka alipe tena, na usithubutu kumwambia kuwa ndivyo dunia inavyokwenda. Atakuuliza nani kaiambia iende hivyo.

Ni mwanamke mfupi, mnene, magoti mabovu, na sauti yake ikitoka dirishani ghorofa ya pili inafika mpaka dukani kwa Mahfoudh bila ya kushuka ngazi. Kazi yake ni mikate ya kumimina. Mchele anauloweka mwenyewe, tui analikamua mwenyewe, iliki anaitwanga mwenyewe kwa kuwa hamwamini mtu, na makaa huyapanga juu ya kifuniko kama anayemlaza mtoto. Watu wenye khitma au harusi humwagizia kutoka Bububu, alikozaliwa, mpaka Jambiani. Mumewe alifariki zamani, binti zake wameolewa mbali, na sasa mtu wake wa karibu ni Bi Hamda.

Bi Hamda anakaa nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro, ghorofa hiyo hiyo. Madirisha yao yanatazamana. Kichochoro kile ni chembamba hata wenye mabegi makubwa hupishana kwa kuombana radhi, na baina ya madirisha hayo mawili kuna kamba ya kuzunguka, kila upande na gurudumu lake, na juu ya kamba kuna kapu. Ukivuta huku, kapu linakwenda kule. Linapeleka mkate, linarudisha sahani na ndimu mbili. Likigonga mbao za dirisha, mwenye dirisha anajua kimefika kitu. Tangu Bi Hamda alipoanguka akavunjika nyonga, hajashuka zile ngazi zake zilizosimama wima, na dunia yake yote inapita katika dirisha hilo.

Mwanawe, Talal, yuko Maskati. Kila Ijumaa baada ya sala humpigia simu. "Mama, njoo kwetu. Huko uko peke yako." Na kila Ijumaa Bi Hamda humjibu, "Siko peke yangu. Nnaye Fathiya." Mwaka huu Talal alikaza kamba: alimtaka afike kabla ya Ramadhani. Bi Fathiya aliyasikia hayo yote kutoka kwake, maana kichochoro hakina siri, akawa anavuta kapu kwa nguvu kuliko kawaida.

Sasa kilichowaunganisha zaidi wanawake hawa wawili ni mchezo wa Kituruki. Kila siku baada ya sala ya alasiri, huyu kwake na huyu kwake, televisheni zao zote mbili huonyesha jumba moja la kifahari ambamo mama mkwe, waliyempa jina la Bi Makope, anawatesa wake wa wanawe. Wanatazama kwa macho na kugombana kwa madirisha. "Ushamwona? Ushamwona alivyomtilia chumvi ile supu?" "Nlikwambia jana!" Wapita njia wageni hudhani pana ugomvi wa kweli, hasa Bi Fathiya anapomwapiza Bi Makope na kizazi chake.

Zamani mchezo huo ulikuwa bure. Kisha ukahamia kwenye king'amuzi cha kulipia. Bi Fathiya akanuna, akalipa. Ukahamia kwenye kifurushi cha juu yake. Akatukana, akalipa. Mwisho ukahamia kabisa kwenye programu ya intaneti, ambayo nayo ina malipo yake ya kila mwezi, mbali na intaneti yenyewe. Hapo ndipo alipoionyesha cherahani kidole kwa muda mrefu. Simu yake ilikuwa imeshaanza kumdai alipie kila mwezi nafasi ya kuwekea picha za harusi ya binti yake. "Harusi nliigharamia miye, biriani nlilipika miye," alisema. "Leo nizilipie kodi na picha?"

Lakini Bi Fathiya si mtu wa kulalamika akaishia hapo. Bububu, alipokuwa msichana, walikuwa wakila kikoa: huyu analeta muhogo, huyu nazi, huyu kipande cha papa alichokichopoa jikoni kwa mamake, wakala pamoja, na safari nyengine zamu ya mwengine. Akaona hata programu inalika kikoa. Akamwita Nassra, mwalimu wa skuli anayekaa chini yake, akampigia kelele Bi Hamda ng'ambo, wakakubaliana: akaunti moja, kila mwezi mmoja wao analipa, wote wanatazama, Nassra akipanda kutazama kwa Bi Fathiya. Neno la siri lilipitishwa dirishani kwa sauti, herufi baada ya herufi, hata muuza kahawa akalijua. Ikawa raha. Kwa mara ya kwanza Bi Fathiya aliona amewashinda watu wa malipo ya mwezi.

Raha hiyo ilikwisha alasiri moja, Bi Makope akiwa ndiyo kwanza ananyanyua simu ya mkwe wake kuisoma. Kutoka ng'ambo ikaja sauti ndogo ya Bi Hamda.

"Fathiya, huku kumeandikwa maneno."

"Maneno gani?"

"Wanasema kifaa hiki si cha kaya hii. Basi, miye si wa nyumba yenu. Tazama wewe, shoga yangu. Utanihadithia."

Bi Fathiya akamhadithia. Siku hiyo alihadithia mpaka sauti ikamkauka, na Bi Hamda akawa anaitikia "ehe, ehe" kama mtu anayesikiliza msiba wa watu asiowajua. Mchezo ukihadithiwa umeshapoa, kila mtu anajua. Kesho yake Bi Hamda alisema kichwa kinamuuma. Siku iliyofuata mbao za dirisha lake zilikuwa zimefungwa, na kapu likagonga mara tatu likarudi na mkate wake.

Bi Fathiya akaiogopa ile mbao iliyofungwa kuliko alivyoogopa kitu chochote mwaka ule. Akachukua simu akawapigia wenye programu. Akapokelewa na kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Naitwa Haitham. Nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Mmemtoa mtu wangu nyumbani."

Akamweleza. Haitham akasikiliza, kisha akauliza, "Mama, hapo nyumbani mnaishi wangapi?"

"Watatu. Miye, Nassra wa chini, na Hamda wa dirishani."

"Wa dirishani?"

"Ng'ambo ya kichochoro."

"Basi mama, huyo ni wa nyumba nyengine."

"Nyumba nyengine vipi? Uji wa Ramadhani tunapika sufuria moja. Ufunguo wa mlango wake nnao miye. Akipiga chafya usiku, miye ndiye nnayemwombea rehema. Huyo kwenu ndiye wa nyumba nyengine?"

Haitham hakucheka, na kwa hilo Bi Fathiya akampenda. Akasema kwa upole, "Nnakufahamu mama. Lakini hii mitambo haijui uji. Inachojua ni intaneti. Vifaa vinavyotumia intaneti moja inavihesabu nyumba moja. Bi Hamda anatumia ya kwake. Ila unaweza kumwongeza kwa malipo ya ziada kila mwezi. Tunamwandika mwanakaya wa nje."

Hapa wamjuao Bi Fathiya wangeziba masikio. Malipo mengine ya mwezi, juu ya malipo ya mwezi! Lakini aliitazama ile mbao ya dirisha, akasema, "Mwandike."

Haitham akamwambia lazima mwenyewe akubali kwa simu yake. Basi Bi Fathiya akavaa buibui, akashuka ngazi zake, akavuka kichochoro, akapanda ngazi za Bi Hamda akiyasemesha magoti njia nzima. Alimkuta amelala ameelekea ukutani. Juu ya kiti palikuwa na sanduku la nguo, limefunguliwa, na ndani yake mtandio mmoja tu.

"Sanduku la nini?"

"Talal kaniuliza tena," alisema Bi Hamda bila ya kugeuka. "Nmemwambia ntafikiri."

Bi Fathiya akakaa kitandani. Akamweleza habari za Haitham, akamwambia mambo yote yamekwisha, abonyeze tu hapo akubali, malipo yeye atalipa. Bi Hamda akaichukua simu, akaisoma, akairudisha.

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

"Mwanakaya wa nje." Aliyasema maneno yale polepole. "Fathiya, miye tangu kuanguka nnaletewa. Naletewa maji, naletewa dawa, naletewa mkate. Kikoa kilikuwa ndicho kitu pekee nnachotoa sawa na nyinyi. Leo nawe unilipie niingie kama mgeni? Afadhali nende kwa mwanangu, huko angalau mzigo ni wake."

Bi Fathiya akampangusa uso, akarudi kwake, akalia jikoni mpaka mkate ukaungua juu.

Alipokuwa akikwangua ule weusi ndipo maneno ya Haitham yalipomrudia. Mitambo haijui uji. Inachojua ni intaneti moja. Akakitazama kile kidude chake cha intaneti, kidogo kama sabuni, chenye betri yake, kimekaa juu ya kabati na taa yake ya kijani. Ungedhani angelifikiria hilo mapema, lakini kuta za nyumba zile ni mawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono, na intaneti yake ilikuwa ikishindwa hata kufika jikoni. Lakini dirishani hapana ukuta.

Akakiweka kidude kwenye kapu, juu ya kitambaa cha vyombo. Kando yake akaweka mkate mdogo, ule uliosalimika. Akamwita Nassra, akampa ufunguo na kumtuma ng'ambo, kisha akavuta kamba. Kapu likaenda likagonga mbao za Bi Hamda. Halikujibiwa. Akalivuta nyuma, akaligongesha tena. Akagongesha kama askari wa manispaa.

"Hamda! Fungua, mkate unapoa!"

Mbao zikafunguliwa. Nassra alikuwa amemshika Bi Hamda mkono kumsaidia kusimama.

"Hiki nini humu?"

"Intaneti. Kula mkate, kidude kiache."

Walihangaika nacho mpaka jua likaanza kuondoka kwenye mapaa. Kikikaa dirishani kwa Bi Hamda, televisheni ya Bi Fathiya inakufa. Kikirudi kwa Bi Fathiya, ya Bi Hamda inazungusha duara. Hatimaye wakaliacha kapu katikati, juu ya kichochoro, na Bi Fathiya akaisukuma televisheni yake karibu na dirisha kwa kutumia makalio. Nassra akabonyeza rimoti kule, akaiunganisha televisheni na kile kidude. Kioo cha Bi Hamda kikawaka, kikauliza swali: je, kifaa hiki ni cha kaya hii?

"Mpe mwenyewe abonyeze," alisema Bi Fathiya kutoka ng'ambo.

Bi Hamda akaichukua rimoti. Akakosea, akarudia. Kisha Bi Makope akatokea kwenye televisheni zote mbili kwa pamoja, na makope yake yote, na wanawake wale wakamtukana kwa furaha kama mtu aliyerudi safari.

Tangu siku hiyo kapu linaning'inia juu ya kichochoro kila alasiri, limefunikwa mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua na kufungwa kamba mbili kwa ajili ya kunguru. Mahfoudh alitoka dukani siku ya kwanza akalitazama, akauliza, "Bi Fathiya, mmeweka nini humo?"

"Nyumba," alijibiwa.

Kilichobaki kilikuwa sanduku. Bi Fathiya hakuliuliza. Alijua bado liko juu ya kiti, kwa sababu kutoka dirishani kwake aliliona pembe, na kila asubuhi akifungua mbao zake jicho lilikwenda hapo kwanza. Mchezo ni mchezo, alijiambia, na mwana ni mwana. Hakutaka kumshindania mtu mwanawe.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala simu ya Bi Hamda ikalia, naye, kwa kuwa masikio yake hayasikii vizuri, aliiweka sauti kubwa kama kawaida. Alikuwa amekaa dirishani. Bi Fathiya alikuwa kwake, anapanga makaa juu ya kifuniko, akijidai hasikii.

"Mama, ushafikiri? Nikate tiketi ya lini? Ramadhani hiyo inakuja."

Bi Hamda alilitazama kapu, kisha akanyanyua sauti.

"Fathiya! Mwezi ujao zamu ya nani kulipa?"

"Ya Nassra," alisema Bi Fathiya, na koleo likasimama mkononi.

"Na mwezi wa Ramadhani?"

Bi Fathiya aliijua zamu hiyo vizuri sana. Alikuwa ameiogopa kuitaja tangu siku alipoliona sanduku.

"Wa Ramadhani ni wako," alisema. "Ukiwepo."

Bi Hamda akairudisha simu mdomoni. "Umesikia, mwanangu? Siwezi kuja. Nna zamu yangu Ramadhani, na hawa hawana mtu mwengine. Njoo wewe, uje ule futari kwetu."

Talal alisema jambo jengine, lakini Bi Fathiya hakulisikia. Alikuwa amegeuka kuelekea motoni, machozi yanamdondoka juu ya makaa na kukauka hapo hapo. Maisha yake yote alikuwa ameilaani miezi kwa kuja na madeni yake. Siku hiyo aliihesabu kwa vidole, Nassra, Hamda, yeye, Nassra, Hamda, akamshukuru Mungu kwamba malipo ya mchezo ule hayana mwisho.