Tangi Lililomsumbua Awuor

Kwa miaka kumi na minane Awuor amechomelea vyuma huko Langas: mageti, madirisha, vitanda, hata ngazi ya mnara wa kanisa. Kazi iliyokaribia kumfanya aache ufundi ilikuwa tangi la petroli la Kipkirui.

Kipkirui ni mkulima wa ngano anayeishi Kapsoya. Jumamosi hushindana kwa gari lake kwenye viwanja vya vumbi nje ya mji. Alitoa tangi la kiwanda, akataka jingine la aluminiamu, pana na fupi, likae kwenye buti la gari. Awuor alimwonya kwamba tangi pana lisilo na kizuizi ndani litamsumbua.

"Mama, nitengenezee tu vile nimechora," alisema.

Awuor akalitengeneza hivyo. Kwenye mashindano ya kwanza, kila Kipkirui akikata kona ndefu ya kushoto, injini ilikohoa ikazima. Akabadilisha pampu. Ikazima tena. Akabadilisha pampu mara ya pili, pamoja na filta, halafu akaanza kuwaambia watu kwamba kazi ya Awuor ni mbovu. Maneno yalimfikia Awuor kupitia kwa mteja, akapiga simu.

"Leta hilo gari. Na uje wewe mwenyewe."

Alipofika, Awuor alikuwa na mtungi wa plastiki unaopitisha mwanga, umejaa maji nusu. Akaingia nao garini, akaushika magotini, wakaenda kwenye uwanja uliokuwa wazi. Akamwambia azunguke kushoto bila kupunguza mwendo. Maji yakapanda yote upande wa kulia. Upande wa kushoto mtungi ukabaki mkavu.

"Bomba lako linanyonya kutoka upande gani?" akauliza.

Kipkirui akasimamisha gari. "Kushoto," akasema polepole.

"Basi pampu inanyonya hewa. Hata ununue kumi."

Dawa yake ilikuwa kulifungua tangi, kuweka kuta ndani, na kuzungushia bomba kisanduku chenye vilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu, petroli iingie na isitoke. Kipkirui alitaka kazi imalizike kesho yake. Awuor akakataa. Tangi lililowahi kubeba petroli haliguswi na moto kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni mara kadhaa na kuachwa wazi likauke.

"Mimi nataka mbio za Jumamosi hii."

"Na mimi nataka kuiona Jumapili."

Wakakosa Jumamosi hiyo. Iliyofuata gari likakimbia vizuri mizunguko sita, kisha likaanza kukohoa vilevile. Kipkirui akalirudisha kwa Awuor. Awuor alipofungua tangi akaona kosa, na lilikuwa lake. Vilango alivikata kwenye tyubu kuukuu ya lori, na petroli ilikuwa imeuvimbisha mpira hadi ukakwama. Fundi wa miaka kumi na minane, kosa kama hilo. Alitupa koleo ukutani, akaketi juu ya mtungi wa gesi, akakataa hata chai.

Akaosha tena, akasubiri tena, akakata vilango vipya vya aluminiamu nyembamba na kuvifunga kwa bawaba ndogo. Vidole vilimchubuka. Bawaba mbili alizirudia kwa sababu zilikwama alipozijaribu kwa maji.

Jumamosi ya sita tangu mashindano ya kwanza alisimama kando ya ile kona ndefu na kusikiliza. Gari lilipita mara kumi na mbili, vumbi likamjaa kichwani, na injini haikukohoa hata mara moja. Alifikiri angefurahi. Alichohisi ni hasira ya wiki sita, nusu kwa Kipkirui, nusu kwake mwenyewe.

Kipkirui alikuja akitembea, kofia ya chuma mkononi. Alikuwa amemaliza wa saba.

"Mama, imekubali."

"Nimesikia."

"Nitawaambia watu nilikosea juu yako."

"Waambie leo," Awuor akasema, "kabla hawajaenda nyumbani."